Fomu Niliyosema Isubiri

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse pesa. Nilipanda ngazi za ofisi ya ushirika pale Mbaraki nikiwa na shati ambalo mamangu alilipiga pasi mara mbili, nimejiandaa kuhesabu noti. Meneja, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alinitazama vidole kabla ya kunitazama uso.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, bwana."

"Hati yako yasomeka?"

"Yasomeka."

"Basi pesa waachie waliosoma zaidi. Wewe nitakupa watu."

Akanifungulia kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na majalada, moja kwa kila mwanachama, na katika kila jalada karatasi ya juu kabisa ilikuwa fomu ya mrithi. Nieleze kidogo, kwa sababu vijana wengi siku hizi hujiunga kwa simu na hawajui walichobonyeza. Ushirika wetu ulikuwa wa akiba na mikopo. Wanachama walikuwa watu wa kazi za bandarini na za ufukweni: makuli, madereva, mafundi wa boti, wanawake wa samaki. Kila mwezi mtu huweka akiba, na akiba hiyo ikishakua anaweza kukopa kwayo, wenzake wakimdhamini. Mwanachama akifa, akiba yake hupewa yule aliyeandikwa kwenye fomu. Mke hapewi kwa kuwa ni mke, wala mtoto hapewi kwa kuwa ni mtoto. Hupewa aliyeandikwa.

"Kazi yako ni kuhakikisha karatasi hizi ni kweli," Meneja aliniambia. "Watu huoa, huzaa, huachana. Karatasi haijui. Wewe ndiye utakayeiambia. Na ukumbuke, karatasi isiyo na saini ni kitambaa cha kufutia meza. Iliyofutwafutwa nayo ni nusu kitambaa."

Maneno hayo niliyashika kuliko alivyokusudia.

Nilikuwa kijana mwenye elimu ndogo, na mtu wa elimu ndogo akipewa jambo moja la kujivunia hulishika kwa mikono miwili. Mimi nilijivunia usafi. Fomu iliyopita mikononi mwangu haikuwa na neno lililokatwa wala wino uliomwagika. Mwanachama akikosea herufi moja nilimpa fomu mpya, hata kama ameshapanga foleni tangu asubuhi. Halmashauri, yaani kamati ya wanachama iliyopitisha kila badiliko la mrithi, ilikutana mara moja kwa mwezi, nayo ilirudisha karatasi zenye kasoro. Zangu hazikurudi. Meneja aliwahi kuziinua mbele ya makarani wengine akasema, "Hivi ndivyo." Nilikaa na neno hilo mwaka mzima.

Mhasibu wetu alikuwa mama wa Rabai, Mkristo, mwenye sauti iliyosikika mpaka chini barabarani. Yeye ndiye aliyenifundisha nini maana ya kupanga maisha ya watoto, ingawa hakuna aliyekuwa akiuita mpango. Kila Januari wazazi walijaa ngazini kuomba mkopo wa karo. Wengi walitaka jibu la haraka tu. Yeye alikuwa na swali moja kabla ya kugusa kalamu.

"Mwanao wa mwisho ana miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Na wewe utastaafu baada ya miaka mingapi? Hesabu kwa vidole, usinijibu kwa mdomo."

Baba wa watu huanza kuhesabu. Akifika mahali fulani vidole husimama, na uso nao husimama. Ameona kwamba siku atakayoacha kazi, yule wa mwisho atakuwa bado yuko shule, naye mikopo ya wale wakubwa hajaimaliza. Niliwaona wanaume waliobeba magunia maisha yao yote wakikaa chini kwa ajili ya hesabu hiyo. Mhasibu hakuwacheka. Alisema, "Sasa twaweza kuongea," kisha akawapangia: mkopo mdogo kuliko waliotaka, na kijiakiba kisichoguswa, chenye jina la yule mdogo, hata kiwe cha bei ya mkate.

Alikuwa mkali kwa waliokopa kwa arusi. Baba mmoja alikopa kumwoza binti yake kwa ngoma ya siku nne, na Januari iliyofuata akaja kuomba karo ya mwanawe. Mkopo wa kwanza haukuwa umefika hata nusu.

"Biriani yako tuliila, ilikuwa tamu," Mhasibu alimwambia. "Lakini kijana wako hawezi kuisomea."

Baba yule alicheka huku machozi yakimlenga. Na mimi nilikuwa pale pembeni na fomu zangu safi.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Liwatoni, kwenye gati la uvuvi. Ushirika ulifungua dirisha pale, chumba kimoja chenye meza, kabati dogo na feni iliyogeuka ilipopenda, ili wanawake wanaonunua na kuparua samaki wasilazimike kupanda mpaka Mbaraki. Wanawake hao walinifundisha adabu. Walikuwa na maneno.

"Karani, fomu yangu yanuka samaki. Utaipokea, ama niifukize udi kwanza?"

"Harufu haina neno, bibi. Lakini hapa umekata jina la mtoto ukaandika juu yake."

"Mimi nimelikata jina. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani ala ugali, mzima. Pokea!"

Sikupokea. Nilimpa fomu mpya, na wenzake wakaniita Bwana Safi tangu siku hiyo. "Jifuteni miguu, Bwana Safi yuko ndani!" Nilicheka nao. Moyoni nilifurahi kuitwa hivyo.

Pale Liwatoni ndipo alipofanya kazi shemeji yangu Hamisi. Alikuwa Mdigo wa Matuga, ng'ambo ya feri, fundi wa mashine za boti, mume wa dadangu Zuhura ambaye ndiye mdogo wangu pekee. Walikaa Mji wa Kale, vyumba viwili vya chini nyuma ya nyumba ya wazazi wetu pale Kuze. Hamisi alikuwa mtu wa kucheka. Hata akiomba chumvi alikuwa na la kuchekesha. Babangu, ambaye hakufurahia sana posa yake kwa kuwa si mtu wa mji, alikuja kumpenda kuliko alivyonipenda mimi, wala simlaumu.

Hamisi alijiunga na ushirika kabla ya kuoa. Fomu yake ilikuwa na jina moja tu, la kaka yake mkubwa Bakari. Ilikuwa haki. Bakari ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na ndiye aliyeuza ng'ombe ili mdogo wake apate kusomea ufundi. Lakini sasa Hamisi alikuwa na mtoto wa kiume, Omari, wa miaka kumi na moja, na wa kike, Mwanaisha, wa miaka saba. Zuhura alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kwa miaka hiyo yote mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwakumbusha watu, sikumkumbusha shemeji yangu. Niliona haya. Kumwambia mume wa dadako aandike nani ale akifa ni kama kumchuria kifo, na tena ataona unapigia debe upande wako. Wageni niliwaambia bila kupepesa. Wangu nilimnyamazia.

Basi alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumatano, kabla ya adhuhuri. Alikuwa ametoka kwenye mashine, mikono ameifuta kwa kitambaa lakini grisi bado imebaki kwenye kucha.

"Shemeji, nimekuja kunyoosha mambo."

"Yapi yaliyopinda?"

"Ile karatasi yangu bado yamjua Kaka Bakari peke yake. Na mimi sasa nina watu. Juzi nilikaa na yule mama Mhasibu wenu kuomba karo ya Omari, akanihesabisha vidole mpaka nikatamani kukimbia."

Nilitoa fomu mpya. Niliandika kwa hati yangu nzuri: Zuhura, mke. Omari, mtoto. Mwanaisha, mtoto. Kila mmoja na fungu lake, kama alivyonitajia.

"Na yule je?" Akajipapasa tumbo lake mwenyewe akacheka.

"Yule hana jina."

"Andika hivyo hivyo. Na atakayezaliwa."

Nikaandika. *Na atakayezaliwa.* Kisha nikaitazama karatasi, na usafi wangu ukanishika. Kila mrithi alitakiwa kuwa na jina kamili na namba ya cheti cha kuzaliwa. Mstari ule wa nne ulikuwa na jina la nusu na nafasi tupu. Niliiona halmashauri ikiirudisha. Niliona karatasi yangu ya kwanza kurudi.

"Hii watairudisha," nikamwambia. "Halafu akizaliwa itabidi tuandike nyingine tena, ipite tena. Mbona usisubiri? Imebaki miezi miwili. Siku ya saba mkishampa jina, uje tuandike mara moja, iwe safi."

"Kwani hatuwezi kumpa jina leo? Akiwa mume aitwe jina la babangu, akiwa mke..."

"Astaghfirullah! Mtoto hapewi jina yuko tumboni. Zuhura akisikia atakutoa na mkeka wako."

Akacheka sana. Kwetu hata nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa, seuze jina. Alikuwa na kalamu mkononi. Naikumbuka kalamu hiyo, ya buluu, kifuniko chake kimetafunwa. Alikuwa ameishikilia karatasi kwa mkono wa kushoto ili feni isiipeperushe, tayari kutia saini. Lau ningenyamaza kwa muda wa kupumua mara moja, angetia.

"Haya, wewe ndiye karani," akasema. Akaiweka kalamu mezani. "Lakini usiitupe. Nimejikaza kuja hapa, sitaki kujikaza mara ya pili."

Alipoondoa mkono, dole lake gumba liliacha alama ya grisi pembeni mwa karatasi, mistari yake yote ikionekana. Niliudhika. Nilijiambia heri hatukuipeleka, imechafuka. Nikaitia kwenye droo.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Hamisi alianguka akiwa amepiga magoti mbele ya mashine. Wenzake walidhani ameteleza. Mimi nilisikia kelele kutoka dirishani nikatoka mbio na kalamu ingali mkononi. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mtoto wa kike alizaliwa mwezi na kitu baadaye, katika mwezi wa kufunga, akaitwa Mwanasaumu.

Nilipeleka fomu ile Mbaraki kabla hata hajazaliwa. Nilimwekea Meneja mezani. Alivaa miwani, akaisoma pole pole, akaigeuza upande wa nyuma, akaigeuza tena. Mhasibu alikuwa amesimama mlangoni. Meneja akaweka kidole karibu na ile alama ya grisi.

Hapa nieleze jambo moja. Wanachama wetu wengi hawakujua kuandika, nao waliweka dole gumba badala ya saini. Dole lilikubaliwa kabisa, ilimradi karani aliyekuwapo aseme kwamba mwanachama aliliweka kwa kukusudia, na badiliko lilihesabiwa tangu siku ya saini hata halmashauri ikilipitisha baadaye. Mara nyingi lilikuwa na wino wa buluu. Lakini sheria yetu haikutaja rangi.

"Karani," Meneja akasema, "hili ni dole la marehemu?"

"Ndilo."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Aliliweka kama saini?"

Nilijua ananiuliza nini, na nilijua pia kwamba hataniuliza mara ya pili. Alikuwa amenifungulia mlango na kuugeuzia mgongo. Mtu mmoja tu duniani alijua ukweli wa dole lile, naye ni mimi. Ningesema "ndiyo", watoto wa dadangu wangesoma. Bakari asingejua kamwe.

"La," nikasema. "Alikuwa ameishika karatasi isipeperuke."

Meneja akavua miwani. Hakusema habari ya kitambaa cha meza. Alinirudishia tu ile karatasi.

Mhasibu alinifuata mpaka ngazini, nikamweleza habari ya Jumatano ile. "Wewe na usafi wako!" aliniambia, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Siku ya kuwa safi ilikuwa ile aliyoshika kalamu? Ungemwachia achafue hiyo karatasi yako, leo usingetakiwa kuwa mkweli hivi."

Nilishuka ngazi na karatasi mkononi. Vijana wamewahi kuniuliza kama najuta kusema "la". Sijuti. Nikirudishwa ndani ya chumba kile nitasema vile vile, kwa sababu watu wote walioniachia karatasi zao waliamini kwamba mdomo wangu haugeuki. Ninachojuta ni Jumatano. Ningemwandika na watatu waliokuwapo, akatia saini, halafu mtoto akizaliwa tukaandika nyingine. Ingekuwa fomu mbili badala ya moja, na halmashauri kupiga muhuri mara mbili. Hiyo tu ndiyo kazi niliyojiepusha nayo.

Akiba ilikwenda kwa Bakari. Alikuja Mbaraki na kanzu yake ya Ijumaa, akaichukua hundi kwa mikono miwili kama kitu cha moto. "Mimi sikuomba," aliniambia. "Ndugu yangu ndiye aliyeniandika." Sitamsema vibaya. Alimwezekea mama yao nyumba iliyokuwa ikivuja, na miaka miwili alilipa karo ya Omari bila kukosa. Mwaka wa tatu alilipa nusu. Mwaka wa nne yeye mwenyewe alikuwa na wanawe wanaongoja karo. Omari akaacha shule kidato cha pili, kama mimi, akaenda kusukuma mkokoteni pale Feri. Alikuwa mtoto wa kwanza darasani kwa hesabu. Mwanaisha alimaliza kwa michango ya jamaa. Mimi nilitoa nilichoweza, na niseme kweli, nilitoa kwa aibu zaidi kuliko kwa huruma. Aibu haina mkono mkubwa.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Lililo baya zaidi sikulifanya ofisini.

Zuhura alikuwa eda. Mjane mwenye mimba hukaa eda mpaka ajifungue, hatoki. Kwa hiyo habari ya fomu ilinibidi nimpelekee nyumbani. Nilimkuta ameketi mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kwamba aliyeandikwa ni Bakari. Mikono yake haikusimama.

"Kaka, Hamisi hakuwahi kuja kwako kusema lolote?"

Ile karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekuja nayo ili nimpe. Lakini nikaona jinsi itakavyokuwa: ataniuliza mbona hakutia saini, nitamwambia ni mimi. Ataliona dole, ataniuliza mbona sikusema ndiyo.

"Fomu iliyo katika jalada ni hiyo moja," nikasema.

Ilikuwa kweli. Jalada lilikuwa na fomu moja. Sijawahi kusema neno la kweli lililo la uongo kama lile.

"Basi," dadangu akasema. Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Kaka yake alimlea. Alimkumbuka."

Hakuwahi kulirudia. Aliuza mahamri asubuhi na viazi vya karai jioni, miaka nenda miaka rudi, akawalea watatu. Watoto wakimtaja baba yao kwa kumsifu, yeye alinyamaza kidogo, kisha akaongeza sukari kwenye chai ya mtu. Mimi nilikuwa nikiuona ule unyamavu. Nilijua umetoka wapi.

Niliendelea na kazi. Nilirudishwa Mbaraki, nikawa karani mkuu wa wanachama. Kitu kimoja nilibadilisha: niliacha kurudisha karatasi chafu. Zilizokatwa, zilizonuka samaki, zenye mistari tupu, niliwaacha wenyewe wazitie saini kwanza, kisha nikazipigania mbele ya halmashauri. Nyingi zilirudi, nikazipeleka tena. Wazazi walioogopa kuzungumzia kifo niliwafungia mlango nikawaambia, "Hutoki mpaka uandike." Mmoja alinitukana. Mwingine aliniambia, "Karani, wanichuria!" Nikamjibu, "Nakuchuria, ndiyo. Tia saini." Waliniona nimezeeka vibaya. Hakuna aliyeniita Bwana Safi tena.

Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na keki. Kijana aliyechukua nafasi yangu, mstaarabu, aliyehamishia majalada yote kwenye kompyuta, alinisaidia kumwaga droo.

"Mzee, haya makaratasi ya zamani tuyatupe?"

"Yatupe," nikamwambia. "Isipokuwa hii."

Nilikwenda nayo Kuze moja kwa moja, saa ya ukutani kwapani. Zuhura alikuwa mlangoni anakaanga viazi, na Mwanasaumu, ambaye sasa ameanza kazi katika duka la simu kule Feri, alikuwa anamenya. Nikakaa kwenye baraza. Nikasema yote, mbele ya yule binti, kama nilivyoyaeleza hapa. Jumatano, kalamu, dole, Meneja, na ule mchele. Mafuta yalikuwa yakichemka, Mwanasaumu akainuka akazima jiko.

"Nisomee," Zuhura akasema.

Nikasoma. Zuhura, mke. Omari, mtoto. Mwanaisha, mtoto. Na atakayezaliwa.

"Tena."

Nikasoma tena. Mwanasaumu aliuliza, taratibu, "Mimi ndiye huyo?" Nikamwambia ndiye. Akasogea akaitazama ile alama ya pembeni. Grisi haikufutika, ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia tu. Baba yake alifariki bila yeye kumwona, na hapa palikuwa na dole lake, mistari yote.

"Ungesema ndiyo, kaka?" Zuhura aliniuliza. "Ukiulizwa leo?"

"Nisingesema."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetarajia. "Wewe hukuumbwa kusema uongo. Nakujua tangu utotoni, ulijishitaki kwa baba kwa sahani uliyoivunja bila mtu kukuona." Akatabasamu kidogo, na mimi nikadhani yamekwisha. Kisha uso wake ukabadilika. "Pesa, kaka, ningekusamehe siku ile ile. Watu hukosea. Lakini miaka kumi na tisa nimelala nikijua mume wangu alitusahau. Nimemsomea Yasini kila Alhamisi nikiwa na kinyongo naye kaburini. Na wewe wapita hapa kila siku, wanywa chai yangu, karatasi iko kwenye droo."

Nikaiweka karatasi barazani, kati yetu.

"Pesa nimesamehe," akasema. "Karatasi, sijui."

Akawasha jiko, akaendelea na viazi vyake. Aliniwekea sahani kama siku zote.

Zuhura alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu. Katika miezi ile ya mwisho nilikaa naye sana. Tulizungumza mambo ya mama, ya soko, ya mkorofi Omari ambaye sasa ana mikokoteni minne na watu wa kuisukuma. Habari ya karatasi hakuitaja tena, na mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Amekwenda nayo, ameisamehe au hakuisamehe.

Siku hizi wazazi vijana wa mtaani hunijia barazani wakidhani nina siri ya kupanga karo na maisha ya watoto. Sina. Nawaambia wahesabu vidole kama alivyotufundisha Mhasibu. Nawaambia waandike waliopo leo, watie saini leo, na atakayezaliwa ataandikwa akizaliwa. Kisha nawaambia waende nyumbani, kila mmoja amwonyeshe mwenziwe karatasi hiyo, aisome kwa macho yake, ajue ameandikwa. Wengi huona hilo la mwisho ni dogo, huitikia tu kwa adabu. Mimi ndilo ninalolisema mara mbili.

Ile fomu iko kwa Mwanasaumu. Ameitia kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Mwezi uliopita nilimwomba niione tena. Aliniletea barazani bila kusita, akaniamkia vizuri kama anavyoniamkia siku zote, akainamisha karatasi nipate kuisoma. Lakini hakunipa mkononi. Aliishika mwenyewe, kwa vidole viwili, mpaka nilipomaliza.